Nuru Iliyorudi Kutoka Ziwani

Pazia la taa ni kitu chepesi: nyaya nyembamba zinazoning'inia kutoka juu kama nyuzi za ushanga, kila uzi na vitaa vyake, zikitundikwa dirishani au ukutani nyuma ya makochi. Pazia la kawaida huwa na vitaa 300 katika upana wa mita tatu, na umeme wake waweza kutoka kwenye chaja ya simu. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki na Kati limeshazoeleka kwenye kumbi za harusi na sebuleni, na ukiuliza asili yake utajibiwa upesi: limetoka Uchina, limeletwa na Krismasi na televisheni. Kwa ufuko wa Ziwa Mweru upande wa Zambia, yaani Nchelenge na soko lake la samaki la Kashikishi, jibu hilo ni sahihi kwa duka lakini si sahihi kwa historia. Huko, kitu kinachong'aa hakikuanza kuingia nyumbani kwa jina la pambo. Kiliingia kama mali ya biashara au chombo cha kazi, na urembo ukazaliwa pale ambapo mali hiyo au chombo hicho kilipata nafasi ya kukaa bure.

Ushahidi wa kwanza uko Mwansabombwe, kusini ya Nchelenge, kwenye makao ya Mwata Kazembe, cheo cha mfalme wa Walunda. Mreno Gamitto alipofika huko mwaka 1831 alieleza vazi la mfalme kwa kirefu. Mabegani na kifuani palikuwa na joho fupi lililopambwa kwa simbi, kisha vipande vya vioo vilivyochongwa mfano wa vito, na chini yake vioo vidogo vya kujitazamia, cha mviringo kikifuatwa na cha mraba kwa mpango maalumu. Jua lilipovipiga, anasema, macho hayakustahimili. Miaka 36 baadaye, Novemba 1867, msafiri na mmisionari Livingstone alimkuta Kazembe mwingine amevaa kitambaa cha Manchester cha buluu na nyeupe, na mikono, miguu na kichwa vimefunikwa kwa kazi ya ushanga wa rangi mbalimbali. Wakati huohuo wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wameshajikita katika nchi hiyo: Muhammad bin Saleh alikuwa amekaa kwa Kazembe miaka mingi, na Tippu Tip alikuwa ametoka kumpiga mtawala Nsama huko Itabwa, si mbali na kona ya kaskazini-mashariki ya ziwa. Misafara yao ilibeba vitambaa vya merikani na kaniki pamoja na ushanga, na vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa fedha ya njiani. Ushanga ulinunua chakula, ulilipia kivuko, ulitolewa hongo kwa wakubwa wa njia. Kwa hiyo mtu aliyeuvaa kuanzia kisigino hadi utosini alikuwa amevaa fedha, tena fedha ambayo hakuhitaji kuitumia siku hiyo. Uzuri wake ulikuwa humo. Ushanga ule haukuwa na haja ya kwenda sokoni.

Nimeanza na ushanga kwa sababu umbo lake na la pazia la taa ni moja, nukta nyingi zinazong'aa kwenye uzi, ingawa kufanana kwa umbo peke yake si hoja. Kinachohesabika ni utaratibu: kwanza kazi, kisha ziada, kisha pambo. Utaratibu huo ulijirudia kwa taa, na hapo ndipo ziwa lenyewe linapoingia.

Mweru ni ziwa la samaki wakubwa walioteketea na samaki wadogo waliobaki. Mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda mto Luapula kwa makundi wakati wa kuzaa, alivuliwa mpaka akapotea sokoni katikati ya karne ya 20, zama ambazo wafanyabiashara wa Kigiriki wa Kasenga, upande wa Kongo, walikuwa wakipeleka samaki kwenye migodi ya Katanga. Baada yake samaki aitwaye pale, ambaye ni jamii ya perege, naye akapungua. Kuanzia miaka ya 1970, na hasa miaka ya 1980, wavuvi wakamgeukia chisense, samaki mdogo wa kidole ambaye msomaji wa Kigoma au Mwanza angemwita dagaa bila kusita. Chisense huvuliwa usiku, na huvuliwa kwa taa. Mtumbwi husimama kwenye maji ya giza, karabai huwashwa, wadudu wadogo wa majini husogea kwenye mwanga, samaki huwafuata, na wavu wenye macho madogo huinuliwa. Mwanahistoria David Gordon, aliyeandika kitabu cha Nachituti's Gift kuhusu bonde hili, ameonyesha kwamba biashara ya chisense iliwafungulia wanawake mlango ambao samaki wakubwa, wenye nyavu ghali na wanunuzi wenye magari, walikuwa wameufunga. Chisense hakuhitaji barafu. Alihitaji mchanga, jua na mtu wa kumgeuza.

Karabai, basi, ilikuwa taa bora kuliko zote ufukoni, na ilikuwa ya kazi. Jikoni mlikuwa na kibatari. Waliojiweza walikuwa na chemli. Karabai ilikunywa takribani lita moja ya mafuta ya taa kwa usiku, na lita hiyo ilitolewa kwa sababu ilirudi na samaki. Hakuna kaya ya kawaida ambayo ingeimwaga kwa ajili ya kupendezesha ukuta. Lakini uvuvi wa taa una kalenda yake ya mwezi. Mbalamwezi ikishika anga lote, mwanga wa mtumbwi hauna nguvu tena, samaki hutawanyika, na kwa siku kadhaa kila mwezi taa hukaa nchi kavu. Chombo chenye nuru kubwa kuliko vyote katika kijiji huwa hakina kazi katika usiku uleule ambao watu wana nafasi ya kukaa, kuoza watoto na kucheza ngoma. Naona hapo ndipo taa ilipojifunza kuwa pambo, kwa njia ileile uliyojifunza ushanga: kwa kupumzika.

Kuna atakayesema kwamba nimeisahau nguzo ya umeme. Mkoa wa Luapula ulipata kituo kidogo cha maporomoko ya Musonda mwishoni mwa ukoloni, na mwaka 2003 Zambia iliunda mamlaka ya umeme vijijini. Pasipo umeme, atasema, mapambo ya taa yangetoka wapi? Jibu ni kwamba nguzo huleta balbu moja katikati ya dari, na balbu ya dari ni kibatari kilichonenepa. Inakuonyesha chakula na daftari, basi. Hata nyuzi za taa za zamani, zile za balbu ndogo za kuchoma zilizofungwa mfululizo, zilikuwa na tabia ya kuzimika zote moja ikiungua, na zilikula umeme ambao mwenye mita anaulipia. Nguzo ilisaidia, sikatai. Haielezi kwa nini taa nyingi dhaifu zipendwe kuliko moja yenye nguvu.

Pingamizi la Krismasi ni zito zaidi. Taa za umeme za mti wa Krismasi zinajulikana zilikoanzia: Edward Johnson, mwenzake Edison, aliufunga mti wake huko New York kwa balbu 80 mwezi Desemba 1882. Na eneo la Mweru limekuwa na misheni tangu miaka ya 1890, mmisionari Dan Crawford akiwa Luanza ng'ambo ya magharibi na London Missionary Society ikiwa Mbereshi kuanzia 1900. Mabel Shaw, aliyeendesha shule ya wasichana Mbereshi, alikiita kitabu chake cha 1932 God's Candlelights, yaani nuru za mishumaa ya Mungu. Nuru kama ishara ilikuwapo, basi, tena kwa wingi. Ila ishara haitundikwi ukutani. Na tazama kalenda: nchini Zambia marufuku ya kila mwaka ya uvuvi huanza Desemba hadi mwisho wa Februari, kwa hiyo Krismasi huangukia msimu ambao fedha ya samaki imekauka. Kama sikukuu ndiyo ingekuwa mzizi wa desturi hii, ingekuwa imechagua mwezi mbaya kuliko yote.

Kilichobadilisha mambo ni taa za LED. Wajapani Akasaki na Amano, pamoja na Nakamura mzaliwa wa Japani, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa kazi ya LED ya buluu, ambayo bila hiyo LED nyeupe isingepatikana. Katika maziwa ya ukanda huu mvuvi alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuelewa maana yake: betri iliyochajiwa kwa jua mahali pa lita ya mafuta, bila utambi wa kukatika wala kioo cha kupasuka mawimbi yakipiga. Teknolojia ileile, ikipunguzwa mpaka ukubwa wa punje ya mchele na kutiwa kwenye waya, ndiyo pazia la taa. Nyumba ya mvuvi, kwa hiyo, haikuhitaji kufundishwa na jarida la mapambo kwamba taa ndogo nyingi zinapendeza. Ilikuwa imeshazitazama kutoka ufukoni, usiku wa giza, mstari mzima juu ya maji.

Wapo wanaoona haya yote ni upotevu: nyumba haina dari, na sebuleni kunameremeta. Lawama hiyo ni ya zamani kama vioo vya Kazembe, na kwa hesabu imekosea. Vitaa 300 vya pazia hutumia wati chache tu, takribani sehemu ya kumi ya balbu ya kuchoma ya wati 60. Mwaka 2024 ukame ulipolipunguza Ziwa Kariba na mgao wa umeme ukafika saa nyingi kwa siku, balbu ya dari ndiyo iliyozimika. Pazia lililounganishwa na betri ya sola lingeweza kuendelea kuwaka, na kwa mwanga wake mtu angepika na kusoma. Pambo lingekuwa limerudi kazini. Na mwezi ukifa, wavuvi wa chisense wanapojiandaa kuingia ziwani, betri hiyohiyo yaweza kufunguliwa ukutani na kupakiwa mtumbwini.