Swali Lililoulizwa kwa Kiingereza

Mwezi uliopita, kwenye steshenari moja ya Mbagala Rangi Tatu, mzee mmoja alikuwa akichapiwa barua ya mirathi. Kijana alipofunga, swali likatokea kwenye skrini. Akabofya haraka, barua ikapotea.

"Iliuliza nini?"

"Kama tuisevu, mzee wangu."

Nikakumbuka Jambo OpenOffice. Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa programu hiyo ya bure ya kuandikia na kupigia hesabu, menyu zake kwa Kiswahili. (Jina, nakiri, linanikumbusha salamu za watalii.) Swali lile ingeliuliza kwa lugha ambayo mzee angeisoma mwenyewe. Baadaye Microsoft nao walitoa Windows na Office za Kiswahili.

Ila kozi za kompyuta za mitaani ziliendelea na menyu za Kiingereza, na watu hukariri mahali kitufe kilipo, si kinachosema. Nilimuuliza kijana kama angejaribu ya Kiswahili.

"Kaka, hapo ndo nitapotea kabisa."

Mzee alishaanza kumsomea upya: "Mimi, mtoto wa kwanza wa marehemu..."