Mpira Unaobeba Injini

Ninyi mlio Iringa na Mbeya mnaijua vizuri barabara kuu iendayo Tunduma. Leo tutaitazama historia yake kwa macho ya fundi wa motokaa, na tutazungumza juu ya kitu kidogo kilichofichika: mpira unaobeba injini.

Zamani injini nyingi zilifungwa kwa bolti moja kwa moja juu ya chasisi, chuma kwa chuma, na kila mtetemeko uliingia katika mifupa ya abiria. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitoa motokaa za Plymouth ambazo injini yake iliwekwa juu ya mipira. Mwaka 1932 Citroën ya Ufaransa ikaanza kuutumia utaratibu huo, nao ukaenea duniani. Abiria akapata raha, lakini fundi akapata kazi mpya, maana mpira huzeeka upesi kuliko chuma.

Huku kwetu mipira ilipata kazi ngumu sana. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith aliitangazia Rhodesia uhuru wa walowezi. Kabla ya mwaka kwisha Zambia ikakatiwa mafuta yaliyokuwa yakipitia huko. Ndipo malori yalipoanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam, kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya. Sehemu kubwa ya njia ilikuwa ya udongo: vumbi kiangazi, matope masika. Ilipewa jina la Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta mpaka Ndola lilifunguliwa mwaka 1968, lami ikakamilika miaka ya mwanzo ya 1970, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976.

Fikirini lori lililojaa likipanda Mlima Kitonga. Injini inapovuta kwa nguvu hutaka kujipinda, na mpira ndio unaoizuia. Mashimo huupiga, joto huukausha, mafuta yanayovuja huulainisha, mwisho hupasuka. Dalili yake ni injini kutikisika mno, na kishindo unapoachia klachi.

Sasa sikilizeni kwa makini. Mpira ukitolewa, injini haina wa kuibeba. Injini ya motokaa ndogo huweza kuzidi kilo 100, na ya lori kubwa kilo 500. Mkono wa mtu hauwezi kushindana nayo. Basi fuateni utaratibu huu.

Kwanza, simamisha gari mahali tambarare na pagumu, weka kabari kwenye magurudumu, fungua waya wa betri, ngoja injini ipoe. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake au matofali. Tumia stendi za chuma.

Pili, ibebe injini kabla ya kulegeza bolti hata moja. Njia bora ni kuitundika kutoka juu kwa mnyororo imara, penye vishikio vya kuinulia. Ukitumia jeki kutoka chini, weka ubao mpana na mnene, kwa sababu bakuli la mafuta ya injini hubonyea au kupasuka upesi.

Tatu, inua polepole, mpaka mpira upunguziwe mzigo tu. Ukizidisha, utakata mabomba ya maji, au feni itatoboa rejeta.

Nne, badilisha mpira mmoja kwanza, kisha mwingine. Usipenyeze vidole kati ya injini na chasisi. Bolti zote zikisha kushika, ishushe injini, ndipo ukaze.

Ndugu zangu, aliyebuni mpira huu alimpunguzia abiria mtikisiko, lakini hakumpunguzia fundi uzito. Uzito ni ule ule wa mwaka 1931.

Maswali ya kujadili katika kikundi: Kwa nini barabara ya udongo huharibu mipira upesi? Je, katika karakana ya kwenu, injini hubebwa na nini bolti zinapofunguliwa?