Hadhi na Manufaa ya Lugha Machoni pa Wanafunzi: Historia ya Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

1. Utangulizi

Lugha kuu za dunia hulinganishwa kwa mizani nyingi. Wako wataalamu wanaohesabu wasemaji. Wako wanaopima ukubwa wa biashara na sayansi inayoendeshwa kwa lugha fulani. Na wako wanaotazama ukongwe na utajiri wa fasihi yake. Mizani hizo zina thamani, lakini zote huipima lugha, hazimpimi anayejifunza. Kijana anayetumia miaka kumi ya ujana wake kujifunza lugha isiyokuwa ya mama yake hajiulizi lugha hiyo ina wasemaji milioni ngapi. Hujiuliza itamfikisha wapi, na ni nani atakayemheshimu akiijua.

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuitazama historia ya Nyeri pamoja na miji mingine ya Mlima Kenya, yaani Karatina, Nanyuki, Embu na Meru. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu maalum. Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini, Kiingereza, Kiitaliano, Kilatini na Kiswahili vilikutana humo na Kikuyu, Kimeru na Kiembu, tena katika shule, makanisa, masoko na mahakama zilezile. Kwa hiyo inawezekana kuona ni lugha ipi iliyotafutwa na wanafunzi, ni ipi iliyopuuzwa, na kwa sababu gani. Hoja itakayotetewa ni kwamba hadhi ya lugha machoni pa wanafunzi haikutokana na ukubwa wake duniani, wala na wema wa watu waliokuja nayo. Ilitokana na milango iliyofunguliwa kwa lugha hiyo na ambayo haikuweza kufunguliwa kwa nyingine.

2. Kiitaliano na Kilatini

Boma la Waingereza lilijengwa Nyeri mwishoni mwa mwaka 1902. Mwaka huohuo wamisionari wa Consolata kutoka Torino, Italia, walifika Tuthu katika nchi ya Murang'a kwa Chifu Karuri wa Gakure, na muda mfupi baadaye wakaingia Nyeri, ambako Mathari ilikuja kuwa makao yao makuu. Walijenga makanisa, shule, hospitali na mashamba ya kahawa, na kiwanda chao cha uchapaji kilianza kutoa gazeti la Wathiomo Mukinyu mwaka 1916. Gazeti hilo halikuandikwa kwa Kiitaliano. Liliandikwa kwa Kikuyu.

Jambo hili lastahili kuzingatiwa. Kwa zaidi ya nusu karne maelfu ya watoto wa Nyeri walifundishwa kusoma, wakatibiwa na kubatizwa na watu ambao lugha ya mama yao ilikuwa Kiitaliano, lugha yenye fasihi kubwa inayoheshimiwa Ulaya nzima. Hata hivyo Kiitaliano hakikuota mizizi miongoni mwa wanafunzi. Mapadre na masista wenyewe walijifunza Kikuyu ili wahubiri, kisha wakahitaji Kiingereza ili shule zao zikubaliwe na Serikali. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, Kiitaliano kikawa lugha ya adui. Wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliwekwa katika makambi ya Nyeri na Nanyuki, na Mtawala wa Aosta, aliyefariki Nairobi mwaka 1942 akiwa mfungwa, amezikwa Nyeri. Kwa hiyo Kiitaliano kilisikika sana chini ya Mlima Kenya, lakini hapakuwa na mtihani, mshahara wala cheo kilichokingoja kwa upande wa Mwafrika.

Kilatini kinatoa ushahidi wa upande wa pili. Lugha hiyo haikuwa na msemaji wa kuzaliwa mahali popote duniani. Lakini hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa miaka ya 1962 hadi 1965, ibada ya Misa ilisomwa kwa Kilatini, na kijana aliyetaka upadre hakuwa na budi kukijifunza. Hivyo lugha iliyokwisha kufa ilipata wanafunzi, huku binti yake aliye hai, Kiitaliano, akikosa. Tofauti baina ya hizo mbili haikuwa katika wingi wa wasemaji. Moja ilikuwa na mlango, nyingine haikuwa nao.

3. Kiingereza na madai ya wananchi

Mara nyingi husemwa kwamba Kiingereza kilitwishwa Waafrika kwa nguvu. Kauli hiyo ina ukweli wake, lakini kwa upande wa Nyeri na Murang'a haitoshelezi. Kanisa la Scotland, lililofungua kituo cha Tumutumu karibu na Karatina mwaka 1908, lilitilia mkazo lugha ya wenyeji. Arthur Barlow alichapisha uchunguzi wake wa sarufi ya Kikuyu mwaka 1914, na Agano Jipya la Kikuyu likatokea mwaka 1926. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, nayo iliunga mkono lugha za wenyeji katika madarasa ya chini.

Waliodai Kiingereza mapema na kwa wingi zaidi walikuwa wazazi. Baada ya mgogoro wa mwaka 1929 juu ya tohara ya wasichana, Wakikuyu wengi walizihama shule za misheni wakajenga zao wenyewe, na mwaka 1934 Chama cha Shule Huru za Kikuyu kikaundwa. Katika shule hizo Kiingereza kilikuwa miongoni mwa madai ya kwanza. Wazazi walikuwa wameona kwamba karani, mkalimani na mwalimu mwenye cheti walikuwa watu wa Kiingereza; kwamba sheria za ardhi, iliyokuwa kilio chao kikubwa, ziliandikwa kwa Kiingereza; na kwamba barua ya malalamiko kwenda London haikuweza kuandikwa kwa lugha nyingine. Walishuku kuwa mtu anayesifu lugha ya mama mbele yao, huku watoto wake mwenyewe wakisoma kwa Kiingereza, alikuwa anawafungia njia. Watu waliokuwa wakitetea mila ya Kikuyu kwa nguvu zote ndio haohao waliodai Kiingereza kwa nguvu zote, wala hawakuona kuwa mambo hayo mawili yanapingana.

Uzito wa Kiingereza ulionekana wazi mahakamani. Dedan Kimathi, aliyepata kusoma Tumutumu, alishtakiwa Nyeri mnamo Novemba 1956. Kesi iliendeshwa kwa Kiingereza, na maneno yaliyosemwa kwa Kikuyu yalipita kwa mkalimani kabla ya kuingia katika kumbukumbu za mahakama. Alihukumiwa kifo, akanyongwa Februari 1957. Waruhiu Itote, mwenyeji wa Nyeri aliyejulikana kwa jina la Jenerali China, alijifunza Kiingereza kwa Jomo Kenyatta wakati wote wawili walipokuwa wafungwa Lokitaung. Si jambo dogo kwamba watu waliofungwa kwa sababu ya kuupinga utawala wa Waingereza walitumia siku zao za kifungo kujifunza lugha ya watawala. Kwao Kiingereza kilikuwa silaha, na silaha haiachiwi adui peke yake.

4. Kiswahili: manufaa pasipo hadhi

Hali ya Kiswahili ilikuwa kinyume cha hiyo. Manufaa yake hayakukanwa na mtu. Kilikuwa lugha ya soko la Karatina, ya mtaa wa Majengo mjini Nyeri, ya duka la Mhindi, ya polisi, na ya jeshi la K.A.R., ambamo vijana wengi wa Mlima Kenya walitumikia katika Vita Kuu ya Pili. Mkikuyu, Mmeru, Mwembu, Mwasia na Mturkana waliokutana Nanyuki hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana.

Lakini njia iliyokileta ndiyo iliyokipunguzia heshima. Katika mashamba ya walowezi kuzunguka Nanyuki na Naro Moru, Kiswahili kilifika kama lugha ya amri, tena katika umbo lile la kukatwakatwa lililoitwa Kisetla. Wako walowezi waliokasirika waliposemeshwa kwa Kiingereza na Mwafrika, wakasisitiza kujibu kwa Kiswahili chao kibovu. Kwa tendo hilo Kiswahili kiligeuzwa ukuta wa kumwonyesha mtu mahali pake. Si ajabu basi kwamba mwanafunzi aliyetaka kuuruka ukuta huo hakuona fahari kukisoma.

Tofauti na Tanganyika ni dhahiri. Huko, tangu enzi ya Wajerumani, Kiswahili kilikuwa lugha ya shule za Serikali na ya akida na karani. Aliyekijua vizuri alipata kazi. Lugha ileile, yenye sarufi ileile, ilikuwa ngazi upande mmoja wa mpaka na ukuta upande wa pili. Nchini Kenya, Tume ya Binns ya mwaka 1951 ilipendekeza kwamba Kiswahili kiondolewe shuleni mahali ambapo si lugha ya mama. Katika mtihani wa C.P.E. uliofuata uhuru, mwanafunzi alipimwa kwa Kiingereza, Hisabati na karatasi ya maarifa ya jumla. Kiswahili hakikuwamo. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilikitaja kwa heshima, na KANU ikakitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1974, lakini mwanafunzi wa Nyeri aliendelea kupima kwa mizani yake: je, kinaulizwa katika mtihani?

Kiliulizwa mwaka 1985. Kufuatia pendekezo la Tume ya Mackay ya mwaka 1981, mfumo wa 8-4-4 ulikifanya Kiswahili somo la lazima lenye kutahiniwa katika K.C.P.E., na kuanzia mwaka 1989 katika K.C.S.E. Hapo vitabu vikaanza kutafutwa, walimu wakahitajika, na wazazi waliokuwa wakikiita lugha ya sokoni wakaanza kuuliza alama za watoto wao. Kiswahili hakikubadilika kati ya mwaka 1984 na 1985. Kilichobadilika ni mlango.

5. Lugha ya mama

Katika ushindani huo lugha za wenyeji ndizo zilizoumia, na baina yao wenyewe pia mlikuwa na vyeo. Kikuyu, kwa kuwa kilitangulia kuandikwa, kilivuka mipaka yake: katika nchi ya Embu, ambako wamisionari wa Kianglikana walifungua kituo cha Kigari mwaka 1910, wasomaji walitegemea maandiko ya Kikuyu. Wameru walipata Biblia kamili ya lugha yao mwaka 1964.

Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, amesimulia katika maisha yake aliyoyaandika jinsi wasichana wa shule ya bweni walivyovishwa kifungo cha aibu walipokutwa wakisema lugha ya mama. Adhabu hiyo haikufundisha Kiingereza tu. Ilifundisha pia kwamba lugha nyingine ni kosa. Hapa ndipo manufaa na hadhi zinapopasa kutenganishwa. Wazazi wa shule huru walikuwa wametaka Kiingereza kiongezwe juu ya Kikuyu. Kifungo kilitaka Kikuyu kiondolewe.

Mfano wa Gakaara wa Wanjau unaonyesha njia nyingine. Alizaliwa Tumutumu mwaka 1921, mwana wa mchungaji, akasoma Alliance. Kwa hiyo Kiingereza alikuwa nacho. Aliandika kijitabu cha kisiasa kwa Kiswahili, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kwa Kikuyu. Alitiwa kizuizini mwaka 1952, na kwa muda alifungwa katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu, karibu na chimbuko la ushairi wa Kiswahili. Baadaye aliendesha kiwanda chake cha uchapaji Karatina. Kumbukumbu zake za kizuizini, zilizochapishwa kwa Kikuyu mwaka 1983, zilipata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Lugha isiyokuwa na mtihani ilimpatia heshima nje ya Afrika. Lakini yeye alikuwa mmoja, na mlango huo aliujenga kwa mikono yake mwenyewe; shule haikumjengea.

6. Hitimisho

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, ukubwa wa lugha duniani haumvuti mwanafunzi mpaka ugeuke kuwa fursa mahali anapoishi. Kiitaliano ni ushahidi. Jambo hili lafaa kukumbukwa leo, wakati Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu na Kichina vimepewa nafasi katika mtaala ulioanzishwa mwaka 2017: wataovijifunza watafuata kazi na vyuo, hawatafuata sifa.

Pili, hadhi inaweza kujengwa kwa uamuzi. Kilichofanywa kwa Kiswahili mwaka 1985, na kutiliwa nguvu na Katiba ya mwaka 2010 iliyokifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kingeweza kufanywa mapema zaidi. Wapenzi wa Kiswahili walitumia miaka mingi kukisifu mbele ya wanafunzi ambao hawakukosea kuuliza kitawafaa nini.

Tatu, na hili ndilo zito, mtihani huleta wanafunzi lakini hauleti mapenzi. Lugha inayosomwa kwa ajili ya alama peke yake huwekwa kando siku alama zinapotoka. Kiingereza kilipata mlango, kikapata na vitabu, magazeti na ofisi za kukitumia baada ya mlango. Kiswahili katika miji ya Mlima Kenya kimepata mlango. Kazi iliyobaki ni kukipatia nyumba ndani yake. Ama Kikuyu, Kimeru na Kiembu, ambazo Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilizitakia angalau madarasa matatu ya kwanza, bado zinategemea mapenzi ya nyumbani. Wazee wa shule huru hawakudhani kwamba ili mtoto apate lugha ya pili lazima aipoteze ya kwanza. Walijenga shule kwa michango yao wenyewe juu ya imani hiyo, na shule hizo zilipofungwa mwaka 1952, imani yenyewe haikukanushwa na mtu.