Eneo la majina na uingizaji wa faili (PHP)

Eneo la majina huzuia majina yanayofanana yasigongane ndani ya programu moja. PHP ililipata mwaka 2009, katika toleo la 5.3. Tosamaganga, mkoani Iringa, ina hospitali na shule ya sekondari: mfumo mmoja waweza kubeba klasi Tosamaganga\Hospitali\Orodha na Tosamaganga\Shule\Orodha bila kuvurugana. Amri za include na require huingiza faili jingine ndani ya programu. Faili hilo likikosekana, include hutoa onyo tu, require husimamisha programu. Wengi hujikwaa hapa: faili linaloingizwa hurithi vigeugeu vya pale lilipoitwa, lakini halirithi eneo la majina wala majina yaliyoagizwa kwa use. Likiyahitaji, lazima liyatangaze lenyewe. Kuipa include jina la faili lililoandikwa na mtumiaji wa tovuti, bila kulikagua, ni kuwafungulia wadukuzi mlango.