Neno na Saburi: Ukristo Kwale na Pwani ya Kusini ya Kenya

Ukristo katika pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Likoni hadi Vanga na kupanda bara hadi Kinango, ni imani ya watu wachache waliodumu. Sehemu kubwa ya eneo hilo leo ni Kaunti ya Kwale, ambayo sensa ya 2019 ilihesabu wakazi wake kuwa 866,820. Ni nchi ya Wadigo na Waduruma, pamoja na Waswahili wa Vanga, Wasini na Gazi. Wadigo walio wengi ni Waislamu. Waduruma wa nyika ya Kinango na Samburu wamegawanyika kati ya dini ya jadi, Uislamu na Ukristo. Hapa hapakutokea ubatizo wa halaiki kama ule wa Buganda, na makanisa ya Diani, Msambweni na Lunga Lunga yalikua polepole mno. Historia yake ni ya kusoma, kutafsiri na kufundishana Maandiko kwa takriban miaka 180, na ya kujitahidi kuyaishi mbele ya majirani wa imani nyingine.

Mwanzo wake uko Mombasa. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society (CMS) ya Uingereza, alifika huko mwaka 1844. Mwezi Juni mwaka huo alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia alikuwa Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa Mombasa, kwa hiyo kurasa za kwanza za Biblia kwa lugha ya pwani zilipita mikononi mwa mwanachuoni Mwislamu. Julai, kabla kazi hiyo haijafika mbali, homa ilimuua mke wa Krapf, Rosine, na mtoto wao mchanga akafa siku chache baadaye. Krapf hakurudi kwao. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakahamia Rabai, juu ya vilima vya nyuma ya Mombasa, katikati ya Wamijikenda, kundi la makabila ambalo Wadigo na Waduruma ni sehemu yake.

Kutoka Rabai, Krapf alisafiri sana. Mwaka 1848 alipita nchi ya Wadigo akielekea Usambara kumwona Mfalme Kimweri, na mwaka huohuo Injili ya Luka kwa lugha ya Warabai ilichapwa Bombay. Matunda yalikuwa haba. Mtu wa kwanza kubatizwa Rabai alikuwa Mringe, kilema aliyekuwa akisikiliza mafundisho kwa muda mrefu, naye alibatizwa mwaka 1851 akiwa kitandani, karibu na kufa. Krapf aliondoka baada ya miaka michache kwa sababu ya afya. Rebmann alibaki, akamzika mkewe Emma mwaka 1866, akaendelea kukusanya maneno ya lugha za watu waliomzunguka hadi macho yake yakafifia. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa ameishi huko miaka 29, naye alikuwa karibu kipofu. Kwa hesabu ya waongofu, kazi yake ilionekana ndogo. Hata hivyo kamusi na tafsiri zilizoanzishwa Rabai ndizo zilizotumiwa na waliokuja baadaye.

Wamethodisti walifuata. Thomas Wakefield alianzisha kituo cha Ribe mwaka 1862 kwa msaada wa Krapf mwenyewe, na baadaye kazi yao ikaenea Jomvu na Mazeras, mlangoni mwa nchi ya Waduruma. Nao walilipa gharama ileile: Rebecca, mke wa Wakefield, alifariki Ribe mwaka 1873, na Charles New, mwenzao aliyesafiri hadi Kilimanjaro, alifariki mwaka 1875. Upande wa kaskazini wa Mombasa, CMS ilifungua Frere Town kuanzia 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Waafrika waliokuwa wamesomeshwa India, kama Ishmael Semler na William Jones, ndio waliokuwa walimu na wahubiri wa kwanza wa jumuiya hizo, na wote wawili waliwekwa wakfu kuwa mashemasi mwaka 1885. Shule ya theolojia iliyoanzishwa Frere Town mwaka 1903 ilihamishiwa Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's.

Vituo hivyo vyote vilikuwa kaskazini au magharibi ya Mombasa. Kusini ya kivuko cha Likoni pakabaki karibu patupu, na sababu zake zinaeleweka. Kwanza, Wadigo walikuwa na uhusiano wa siku nyingi na miji ya Waswahili: biashara, ndoa, kazi za Mombasa na Tanga. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Wadigo wenyewe walirudi vijijini wakiwa Waislamu, wakajenga misikiti, wakafungua vyuo vya Kurani. Kufikia miaka ya 1930 Uislamu ulikuwa dini ya wengi. Dini hiyo ilikuja kwa mdomo wa ndugu na jirani, ilhali Ukristo ulikuja na mgeni kutoka mbali. Pili, pwani ya Gazi haikutulia. Mbaruk bin Rashid al-Mazrui alipigana na watawala wa Zanzibar kwa miaka mingi, kisha na Waingereza mwaka 1895 na 1896, hadi alipokimbilia upande wa Wajerumani. Tatu, ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani 1901. Wamisionari wakaifuata kwenda bara, kwenye baridi na kwenye watu wengi. Njia hiyo ilipita kwa Waduruma, Mazeras na Mariakani, lakini iliwaacha Wadigo kando.

Wakristo wa kwanza wa kudumu katika Kwale yenyewe, kwa sehemu kubwa, walikuwa watu wa kazi: makarani, walimu, wauguzi na polisi kutoka Rabai, Taita na bara. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilichofanya kazi tangu miaka ya 1920 hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, kiliwavuta vibarua wa makabila mengi. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwapa Wakamba mashamba katika Shimba Hills. Baada ya Uhuru hoteli za Diani zikawaleta wengine Ukunda. Kila kundi lilikuja na kanisa lake: Anglikana, Katoliki, Methodisti, African Inland Church, na baadaye ya Kipentekoste. Ibada nyingi zilianza chini ya mwembe au katika darasa la shule, zikiongozwa na mwinjilisti asiye na mshahara wa maana, kwa kuwa kasisi alifika mara moja moja tu.

Katika hali hiyo Biblia ndiyo iliyokuwa kanisa. Mtu aliyehama kutoka Machakos au Wundanyi hakuweza kubeba kwaya, mchungaji wala wazee wa kanisa, ila kitabu aliweza kukitia mfukoni. Kiswahili kiliwaunganisha wasomaji wa makabila yote. Tafsiri ya Agano Jipya ya Edward Steere ilifanyika Zanzibar, naye W. E. Taylor wa CMS, aliyejifunza Kiswahili cha Mombasa kwa wataalamu kama Mwalimu Sikujua bin Abdallah, alifanya kazi ya kuyaleta Maandiko kwa lahaja hiyo, yaani Kimvita. Biblia ya Union, iliyotoka mwaka 1952, ilimaliza tofauti za lahaja makanisani, na hadi leo ndiyo inayosomwa katika madhabahu nyingi za pwani, pamoja na Biblia Habari Njema ya miaka ya 1990.

Kusoma kulikuwa sharti la kuingia. Katika vituo vya misheni, mwanafunzi wa ubatizo alijifunza herufi, sala ya Bwana, amri kumi na imani ya mitume, kisha akapimwa kwa mwenendo wake kabla ya maji. Walioishi naye waliulizwa: analipa madeni? Anampiga mkewe? Ameacha pombe na uganga? Desturi hiyo ya kumpima mtu kwa matendo iliingia pia katika madarasa ya kipaimara na katika uchaguzi wa wazee wa kanisa. Tabia njema haikuachwa kuwa shauri la moyo peke yake. Jumuiya nzima ilikuwa na haki ya kuiuliza.

Uamsho wa Afrika Mashariki uliiongezea nguvu desturi hiyo. Ulianzia Gahini, Rwanda, ukafika Kenya mwaka 1937, na makanisa mengi ya bara yaliyowalea wahamiaji wa pwani yalikuwa yameguswa nao. Walokole, yaani wafuasi wa Uamsho huo, walikutana kila wiki, wakasoma sura moja, kisha kila mmoja akaungama mbele ya wenzake yale ambayo Neno lilimgusa. Aliyeiba alirudisha. Aliyekosana na ndugu alikwenda kupatana naye. Kwa upande wa Kanisa Katoliki, maaskofu wa Afrika Mashariki katika mikutano ya umoja wao, AMECEA, ya 1973 na 1976 waliamua kwamba jumuiya ndogondogo za Kikristo ziwe msingi wa parokia. Jirani kadhaa hukutana nyumbani kwa mmoja wao, husoma Injili ya Jumapili inayokuja, huulizana inawataka nini, kisha hupanga nani atakwenda kumwona mgonjwa na nani atapeleka unga kwa mjane. Kwa kanisa lenye mapadri wachache na vijiji vilivyotawanyika, mpango huo ulifaa sana.

Mafundisho yaliyorudiwa zaidi katika mikutano hiyo yanatokana na mahali pachache. Warumi sura ya 5 inaonyesha jinsi taabu inavyomfunza mtu kuvumilia, na uvumilivu ukamfanya awe aliyejaribiwa, mwenye tumaini. Waraka wa Yakobo unaanza na jambo hilohilo, kisha unakataza kusikia Neno bila kulitenda. Wagalatia sura ya 5 inaorodhesha tunda la Roho, na karibu yote yaliyotajwa humo, kama upendo, uvumilivu, upole na kiasi, yanaonekana tu mtu anapoishi na wenzake. Kwa Mkristo wa Msambweni mafundisho haya yana sura ya kila siku. Jirani yake ni Mwislamu. Wanachota maji pamoja, wanazikana, wanaalikana Idi na Krismasi. Jirani huyo hataisoma Biblia, lakini atausoma mwenendo. Kwa Mdigo aliyebatizwa jambo ni zito zaidi, kwa kuwa dini imefungamana na ukoo, ndoa, urithi na mazishi, na uamuzi wake unaugusa mji mzima. Wengi wa waliodumu ni wale walioendelea kuwa wapwa, wajomba na watoto wema kwa jamaa zao.

Mabadiliko makubwa ya miongo ya karibuni ni Maandiko kwa lugha za wenyeji. Shirika la Bible Translation and Literacy, lililoundwa Kenya mwaka 1981, liliweka watafsiri miongoni mwa Waduruma na Wadigo. Agano Jipya la Kiduruma lilitoka mwaka 1999, na la Kidigo mwaka 2007. Kazi hiyo ilizaa pia kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili mwaka 2004, na kitabu cha sarufi ya Kidigo mwaka 2013, ambavyo vina manufaa kwa kila Mdigo bila kujali dini yake. Bibi kizee wa Kinango ambaye Kiswahili cha Biblia kilimpita kando sasa anaweza kusikiliza mfano wa mpanzi kwa maneno ya shambani kwake.

Uvumilivu ulijaribiwa pia kwa damu. Agosti 1997, kuelekea uchaguzi mkuu, washambuliaji walivamia kituo cha polisi cha Likoni, na ghasia zikaenea hadi Kwale. Watu zaidi ya 100 waliuawa na makumi ya maelfu, wengi wao watu wa bara, walikimbia makwao. Kanisa Katoliki la Likoni liligeuka kambi ya wakimbizi. Chanzo kilikuwa siasa na ardhi, ila makanisa mengi yalipoteza waumini wengi kwa muda mfupi. Ghasia hizo ndizo zilizowasukuma viongozi wa dini zote kuunda Baraza la Viongozi wa Dini Pwani, ambamo maaskofu, mashehe na wazee wa kaya huketi meza moja. Tarehe 23 Machi 2014 watu wenye bunduki waliwashambulia waumini wakiwa ibadani katika kanisa la Joy in Jesus, Likoni, na watu wasiopungua 6 wakafa. Ibada Likoni ziliendelea.

Jaribu la namna nyingine lilitokea kaskazini, Kaunti ya Kilifi. Kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, ya watu waliodaiwa kufundishwa kufunga hadi kufa. Msiba huo uliwalazimu Wakristo wa pwani nzima kutazama upya jinsi Maandiko yanavyosomwa. Waumini wanaosoma pamoja, kila mmoja akiwa na kitabu mkononi na ruhusa ya kuuliza, ni vigumu kupotezwa na sauti moja. Anayekatazwa kuuliza, kusoma mwenyewe au kuonana na jamaa zake amekwisha kutolewa katika ulinzi ambao desturi ya zamani ilimpa.

Historia hii inatoa hukumu iliyo wazi. Katika pwani ya kusini imani ya Kikristo haikudumu kwa wingi wa watu, fedha wala ulinzi wa serikali. Ilidumu palipokuwa na Maandiko kwa lugha inayoeleweka, kundi dogo linaloyasoma kwa uaminifu, na waumini waliokubali kupimwa kwa tabia zao na watu wanaowajua. Makanisa ya leo ya Ukunda, Msambweni na Kinango, yawe ya mabati au ya mawe, yana deni la kulinda mambo hayo matatu kabla ya kuhesabu viti vilivyojaa.