Lino: kutoka sakafu ya jikoni hadi ufukwe wa Brighton

Kila majira ya joto yanapowadia nchini Uingereza, maduka ya sanaa katika miji ya pwani hupambwa kwa picha zilizochapwa kwa mkono: mashua, shakwe, na magati marefu yanayoingia baharini. Nyingi huchongwa juu ya lino, kitu ambacho hapo awali hakikuwa na uhusiano wowote na sanaa.

Lino ilibuniwa na Mwingereza Frederick Walton katika miaka ya 1860, iwe tandiko la sakafu. Hutengenezwa kwa mafuta ya kitani, utomvu wa misonobari na unga wa gome litumikalo kwa vizibo vya chupa, vyote vikishindiliwa juu ya kitambaa cha gunia. Wasanii waligundua kwamba ni laini kuliko ubao na haina nyuzi za kukwamisha patasi. Mchongaji huondoa sehemu anazotaka zibaki nyeupe, hupaka wino sehemu zilizosalia, kisha hukandamiza karatasi juu yake. Picha hutokea kinyume, kama kwenye kioo, na mara nyingi kila rangi huhitaji kipande chake.

Kwa kuwa lino ilifundishwa watoto, wapo walioidharau. Claude Flight, aliyeanza kuifundisha katika shule ya Grosvenor jijini London mwaka 1926, aliona urahisi huo kuwa ndio nguvu yake. Alitamani picha iuzwe kwa bei ya tiketi ya sinema au bilauri ya bia, ili mfanyakazi naye aitundike ukutani mwake. Maonyesho ya kwanza ya chapa za lino za Uingereza yalifanyika mwaka 1929 katika ukumbi wa Redfern, lakini bei hazikushuka kufikia ndoto hiyo.

Ufukwe nao ulikuwa na safari yake ya kumfikia mtu wa kawaida. Reli ya London hadi Brighton ilikamilika mwaka 1841, na sheria ya mwaka 1938 ikawapa wafanyakazi wengi matumaini ya likizo yenye malipo. Mwaka uliofuata vita vilizuka, na fukwe nyingi zikaja kuzungushiwa seng'enge.

Amani iliporejea, umati ulirudi baharini. Mwaka 1958 Edward Bawden, aliyekuwa mchoraji rasmi wa vita, alichonga gati la Brighton kwa lino, kazi inayohesabiwa miongoni mwa chapa zake mashuhuri.

Leo, chapa za Sybil Andrews na Cyril Power, wa kundi la Grosvenor, huuzwa mnadani kwa makumi ya maelfu ya pauni. Picha zilizokusudiwa kwa ukuta wa mfanyakazi zimeishia mikononi mwa matajiri. Hata hivyo, lino yenyewe na patasi yake vingali rahisi, na yeyote mwenye meza ya jikoni aweza kuanza.