Kaya 250 Chini ya Milima ya Livingstone

Siku za gulio pale Lyulilo, Matema, vyungu vya Wakisi hupangwa mchangani kama watu walio kwenye mkutano. Vingi hutoka Ikombe, vikipakiwa mitumbwini, kwa kuwa safu ya Livingstone imeshuka hadi ziwani na kuwaachia wakazi ukanda mwembamba wa ardhi. Wanawake hufinyanga, wanaume huvua. Nyumba zikiongezeka, hazina pa kwenda ila kufuata ufuko.

Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975 haikuutazama mlima. Ilitaka kaya zisizopungua 250 ndipo kijiji kisajiliwe na kupata halmashauri yenye wajumbe 25. Ilipitishwa katikati ya Operesheni Vijiji, baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwisho wake ni 1976. Katika bonde la Kyela, penye mpunga, migomba na kakao, kaya 250 hupatikana bila mtu kutoka jasho. Kwenye mwambao wa Wakisi kuzipata ni kuunganisha ghuba na ghuba, na mjumbe wa upande wa pili kwenda kikaoni kwa kasia.

Majirani zao Wanyakyusa walikuwa na kipimo kingine kabisa. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938, alieleza jinsi wavulana wa rika moja walivyojenga vibanda vyao kando ya wazazi, wakaoa hapohapo, na kibanda kikawa kijiji. Kizazi kilipokomaa ilifanyika sherehe ya ubusoka: wazee waliwapisha vijana, na nchi ya malafyale, yaani chifu, ikagawanywa kati ya wanawe wawili. Hakuna aliyehesabu vichwa. Utawala uligawanyika kwa sababu vijana walikuwa wamekua, na kwa kweli kanuni hiyo ilijali ongezeko la watu kuliko sheria nyingi zilizoandikwa baadaye.

Wajerumani ndio waliogeuza hesabu kuwa mambo ya serikali, na walianza na nyumba. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa 1898, hivyo kila paa likawa tarakimu. Hata hivyo cheo cha mahali hakikutokana na wingi wa watu. Mwaka 1893 Hermann von Wissmann alianzisha kituo cha Langenburg kwenye ghuba ya Rumbira, ufuko huohuo wa kaskazini-mashariki, kwa sababu ya meli. Wamisionari wa Berlin nao wakafungua kituo Ikombe katika miaka hiyohiyo. Kisha boma likahamia milimani, Tukuyu, likaitwa Langenburg Mpya. Ufuko ukapoteza cheo.

Watunga sheria wa kwingine nao wamewahi kucheza na tarakimu za idadi ya watu. Katiba ya Texas ya 1876 inakataza sheria za kulenga kaunti moja, basi wabunge wakaanza kuandika sheria kwa ajili ya “kaunti zenye watu kati ya idadi hii na ile”, mabano membamba yanayoingiwa na kaunti moja tu. Karibu zaidi, Kenya iliweka mwaka 2011 kwamba jiji liwe na watu wasiopungua 500,000. Mwaka 2019 ikashusha kiwango hadi 250,000.

Tanzania Bara nayo ilizifuta serikali za mitaa kuanzia 1972, ikazirejesha kwa sheria za 1982: Namba 7 kwa wilaya, Namba 8 kwa miji. Kyela, iliyokuwa sehemu ya Rungwe, ikawa na halmashauri yake. Sensa ya 2012 iliikuta na watu 221,490. Ikombe imo ndani yake, jirani na Matema. Kwa sheria kata huchagua diwani mmoja, iwe ya tambarare iliyojaa watu au ya ufukoni chini ya mlima. Baraza likiketi Kyela mjini, mkono wa diwani wa ufukoni ukinyooshwa huhesabiwa mmoja, sawa na wa mwenzake aliyechaguliwa na umati mkubwa zaidi.